Maswali ya Wasomaji: Nanga iko chini, boti inatembea

Kusi, ule upepo wa kusini, imeshaingia na meseji za safari hii karibu zote zimetoka majini. Nyingi nimezipunguza, mtanisamehe, lakini ya kwanza nimeiacha karibu yote kwa sababu huyu kijana kaandika saa na vipimo, na jibu lake limo humo humo kwenye hizo saa na vipimo.

Shikamoo anko. Mi kijana wa Kigamboni, nimepata kazi ya kukaa kwenye boti ya matanga ya mzungu mmoja hapa Ghuba ya Msasani, nalala humo humo napika humo humo, mwenyewe kaenda kwao likizo kaniachia funguo. Boti ina futi 38, nanga yake ya kisasa, mwenyewe anasema ya bei mbaya. Sasa juzi siku ya mwezi mwandamo tuliihamisha sehemu, ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, kile kifaa cha kupimia kina kikasoma mita 3, nikashusha cheni mita 20 nikaona nyingi hiyo, boti ikatulia. Mchana kutwa upepo hamna. Usiku kusi ikaamka, mida ya saa kumi alfajiri nasikia chini kunakwaruza, kutoka nje naona boti ya jirani ipo hapa ubavuni. Nikawasha injini nikahangaika nayo mpaka kukakucha. Mzungu nikimwambia anasema sikuitia nanga vizuri, washkaji wa ngalawa wanasema hiyo nanga pambo tu, ninunue nzito. Nani mkweli hapo? Na nifanyeje maana kusi ndo kwanza inaanza na mi usiku silali tena.
*Msomaji, Kigamboni*

Marahaba mdogo wangu, pole na huo usiku. Mkweli hapo hakuna. Nanga nzima, na inawezekana kabisa uliitia vizuri. Hebu soma tena ulichoandika mwenyewe: uliitia saa nne na nusu asubuhi siku ya mwezi mwandamo, ikakokota saa kumi alfajiri. Mtu aliyekulia pwani hii anajua siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Dar maji yanapwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku, na yanajaa mida ya saa kumi, jioni na alfajiri. Yaani ulipima kina wakati bahari iko chini kabisa, alafu boti ikakushinda wakati bahari iko juu kabisa, na tofauti ya hapo katikati kwenye bamvua letu ni mita 3 na zaidi, kuna siku inakaribia 4. Upepo ulikuja kumalizia tu.

Twende kwenye hesabu kidogo, usikimbie. Kina mita 3, na omo, mbele ya boti pale cheni inapotokea, iko kama mita 1 juu ya maji, jumla 4. Cheni 20 gawa kwa 4 ni 5. Safi kabisa, mara tano ndo kipimo cha kuanzia kama una cheni tupu na hali ya hewa ni ya kawaida, kwa hiyo asubuhi ile hukuwa na kosa lolote. Sasa maji yakapanda mita 3 na nusu. Kutoka chini mpaka kwenye omo ni mita 7 na nusu, cheni ni ile ile 20, ukigawa hata tatu haifiki. Jioni ya saa kumi napo hali ilikuwa hiyo hiyo, sema upepo haukuwepo ndo maana hukujua.

Nanga hizi za kisasa zimeundwa zizame kwenye mchanga zikivutwa kwa ulalo, sambamba na chini. Ikivutwa kwenda juu inachomoka, na wewe mwenyewe unaitumia hiyo hiyo kila ukiing'oa, si unaisogelea mpaka cheni inasimama wima alafu inatoka kirahisi? Cheni ikiwa ndefu sehemu yake kubwa inalala chini, nanga inavutwa kwa ulalo inazidi kuzama. Ikiwa fupi kila wimbi linaloinua omo linainyanyua nanga shingo kidogo, wimbi la kwanza, la pili, la ishirini, mwisho inang'oka, na ikishang'oka kwenye upepo boti inaenda kasi kiasi kwamba haipati nafasi ya kujichimbia tena.

Na upepo wenyewe una ujanja ambao watu wengi hawaujui: ukiongezeka mara mbili nguvu inayosukuma boti haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa hiyo boti iliyolala vizuri kwenye upepo wa noti 10 (noti ni kipimo cha mwendo baharini) ukiiletea noti 20 unaivuta mara nne ya mwanzo, na ukileta 30 ni mara tisa. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatangaza upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tangazo ambalo msimu huu tunalisikia sana, hiyo ni kama noti 22. Usilione la wavuvi peke yao.

Sasa ufanyeje. Ukifika sehemu ya kutia nanga jiulize maji ya hapo yatafika wapi yakijaa, jedwali la maji lipo kwenye simu na kama bando limeisha mwezi upo juu, ukiwa mpya au mpevu ujue ni bamvua, ukiwa nusu ni maji mafu na hapo tofauti inashuka mpaka kama mita moja tu. Kina cha maji yakijaa, jumlisha kimo cha omo juu ya maji, zidisha kwa 5 kama kumetulia, kwa 7 kama kusi inapiga. Kwa sehemu yako ile 7 na nusu mara 7 ni mita 52 na kitu. Najua unashtuka. Fungua boksi la cheni uone ipo mita ngapi, na ukiwa humo angalia ule mwisho kabisa wa cheni umefungwa kwenye boti kwa kamba nene, maana kuna watu wamemwaga cheni yote wakaiangalia inapotelea baharini na nanga yake. Kamba, sio pingu ya chuma, ili siku ya dharura uweze kuikata kwa kisu. Kama cheni haitoshi unaunga kamba ya nailoni mbele yake, lakini kamba ni nyepesi haikai chini, kwa hiyo ukiwa na kamba nyingi ongeza kipimo mpaka mara 8 au 10.

Kitu kingine, kile kifaa chako cha kina. Vingine vimesetiwa kusoma kutoka usawa wa maji, vingine kutoka chini ya mkuku, ule uti wa chini kabisa wa boti. Boti ya futi 38 mkuku wake unaweza kushuka karibu mita 2, sasa kama ile mita 3 ilikuwa chini ya mkuku basi kina cha kweli kilikuwa 5 na hesabu yako ni mbaya kuliko nilivyokufanyia hapo juu. Funga jiwe kwenye kamba, pima mwenyewe mara moja, ulinganishe.

Namna ya kuitia: omo iangalie upepo, boti isimame kabisa, shusha nanga mpaka iguse chini, alafu uiachie boti irudi nyuma taratibu na upepo huku unatoa cheni kidogo kidogo. Usimwage yote kwa mkupuo, itarundikana juu ya nanga na kuinasa. Ikishatoka yote ngoja kidogo, ingiza rivasi polepole, alafu ongeza injini mpaka mizunguko kama 1,500 hadi 2,000 ukae hapo nusu dakika nzima. Wakati huo macho yako yawe pembeni, nchi kavu, umechagua vitu viwili vilivyo mstari mmoja, kimoja mbele kimoja nyuma yake, tuseme mnazi na kona ya ghorofa. Vikiachana unakokota. Weka na mkono kwenye cheni, ikishika unaisikia imekaza tu, ikikokota inatetemeka na kugutuka. Kisha vaa miwani ya kuzamia ushuke ukaangalie kwa macho, maji ya hapa ya moto huna kisingizio, na ukiona nanga imelala ubavu juu ya mchanga basi ujue ulikuwa umelala na bahati.

Usiku zile alama zako zitakuwa taa. Usichague taa ya baa maana wanazima, na umeme ukikatika mtaa mzima utadhani umefika Unguja. Tumia na alamu ya nanga ya kwenye simu, ile ya GPS, lakini uiwashe palepale nanga inapogusa chini, sio baada ya kula, na duara lake liwe urefu wa cheni uliyotoa kujumlisha urefu wa boti. Ukiweka dogo sana itakupigia kelele kila upepo ukigeuka, mwisho utaizima.

Cheni ikikaza kwenye upepo mkali haina mnyumbuliko, kila wimbi linapiga boti teke na linapiga nanga teke. Dawa yake ni kipande cha nailoni cha mita 8 hadi 10 hivi, upande mmoja unakishika kwenye cheni kwa ndoano, upande mwingine unakifunga kwenye nguzo ya omo, unalegeza cheni mpaka mzigo wote ubebwe na nailoni. Utashangaa hata usingizi unarudi maana ule mlio wa cheni unaisha. Pale kamba inaposugua ukingo wa boti izungushie kipande cha mpira wa bomba la maji, la sivyo kufikia asubuhi imelika.

Alafu punguza vitu vya kukamata upepo. Turubai la kivuli toa. Tanga la mbele lile la kujiviringisha lizungushie kamba mara kadhaa na ufunge, tanga hilo likijifungua usiku kwenye upepo hakuna nanga itakayokusaidia.

Na ikianza kukokota tena: injini kwanza, lakini kabla ya kuingiza gia angalia nyuma kamba ya dingi, kile kiboti kidogo cha kwendea nchi kavu, isiwe inaelea, ikizunguka kwenye pangaboi umekwisha. Vaa laifujaketi. Kama nyuma yako kuna nafasi, toa cheni zaidi, mara nyingi hiyo peke yake inatosha na ndo ungefanya usiku ule kama jirani asingekuwa karibu. Kama hakuna nafasi, sogea mbele na injini, ng'oa, tafuta sehemu uanze upya. Redio ya mawasiliano ya boti iwe kwenye chaneli 16 muda wote, Dar kuna kituo cha uratibu wa uokoaji majini na chaneli hiyo ndo ya kuitia msaada.

Kuhusu washkaji wa ngalawa, waambie nanga yao ya vidole vinne wako sahihi kuitumia kwenye miamba, inanasa vizuri. Kwenye mchanga na tope vile vidole vyembamba vinapita tu. Uzito unasaidia lakini umbo na aina ya chini vinasaidia zaidi, usiache mtu akakuuzia chuma kizito kwa woga wako. Na jirani naye mwangalie: boti yenye cheni ndefu inazunguka duara kubwa, mashua yenye kamba fupi inazunguka duara dogo, upepo ukigeuka mnaweza kukutana bila yeyote kukokota. Aliyetangulia kutia nanga ndo mwenyeji, wewe uliyekuja baadaye ndo unahama.

Habari kaka. Mwanangu analinda boti huko Msasani na mwenzake. Kanitumia video usiku upepo unapiga na mvua, wamefunga madirisha na vifuniko vyote, wanapika wali kwa jiko la mkaa humo ndani. Nikamwambia nyie mtakufa na moshi, akacheka akasema mama mkaa ukishashika hauna moshi. Ni mimi tu na umama wangu au kuna hatari?
*Mama Wawili, Mbagala*

Sio umama, mpigie simu sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Mkaa ukishashika ndo hatari yenyewe, unatoa hewa ya monoksaidi ya kaboni ambayo haina rangi, haina harufu, haiumizi macho. Chumbani kunakuwa na joto zuri, mtu anasikia kichwa kinamuuma kidogo, anaona kachoka, analala, hataamka. Ndani ya boti ni mbaya kuliko chumba cha nyumbani kwa sababu boti imetengenezwa isipitishe maji, na kitu kisichopitisha maji hakipitishi hewa, na wakati wa upepo ndo wanafunga kabisa. Jiko la mkaa halitakiwi ndani ya boti hata kama limebaki majivu mekundu tu ya kupasha mikono.

Usije ukamwambia basi atumie gesi ukaishia hapo, maana gesi ya mtungi nayo kwenye boti ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja kidogo inatokea mlangoni, kwenye boti haina mlango wa chini, inashuka mpaka kwenye ngama, yaani tumbo la chini kabisa la boti, inakaa pale na injini na betri, siku mtu akiwasha swichi ndo mnasikia mlipuko. Mtungi ukae nje, kwenye boksi lenye tundu la kutolea hewa kwenda baharini, na kila wakimaliza kupika wafunge kwenye mtungi wenyewe sio kwenye jiko tu. Wakisikia harufu wasiwashe wala wasizime kitu chochote cha umeme, wafungue vifuniko vyote, watoe hewa, wachote ngama kwa ndoo wakiimwaga nje, hata kama haina maji ile hewa nzito inachoteka.

Mzee wa safu, kodi Sinza imepanda tena na mwenye nyumba anataka ya mwaka. Nimeona boti ya matanga inauzwa, vyumba viwili jiko na choo, bei nikigawa kwa kodi ya miaka kadhaa naona inalipa. Nihamie baharini na shemeji yako? Hatuna mtoto bado.
*Msela wa Sinza*

Shemeji umemuuliza? Nasema hivi kwa sababu swali lako lote halina neno moja la shemeji.

Boti sio kwamba haikaliki, watu wanakaa miaka na wanalea watoto humo, ila unayemkimbia hapo ni mwenye nyumba mmoja na unaenda kupata watatu: jua, chumvi na vile vikombe vinavyoota chini ya boti. Wazee wa majahazi walikuwa wanapaka deheni (mafuta na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) juu, na kalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba, kila baada ya muda, wakijua bahari inakula chombo hata kikiwa kimesimama. Boti yako ya faiba itataka rangi maalumu ya chini kila mwaka au miwili, na kuipaka ni lazima itoke majini, na kutoka majini ni hela. Hiyo weka kwenye hesabu yako ya kodi kabla hujasema inalipa.

Maji, boti ya ukubwa huo kwa kawaida inabeba lita 300 mpaka 500. Mkitumia kwa adabu, lita 10 kila mmoja kwa siku, mnakaa wiki kadhaa, mkioga kama Sinza mnamaliza kwa siku chache alafu ni kubeba madumu kwenye dingi. Umeme jua la Dar linakutosha, paneli ya wati 200 ikipata masaa matano ya jua la maana inakupa kama wati 1,000 za saa kwa siku kwenye karatasi, friji dogo la boti kwa joto hili linakula zaidi ya nusu ya hizo, zinazobaki ni taa, feni na simu. Pasi sahau. Shemeji mwambie hilo la pasi mapema.

Choo kiwe na tenki la kuhifadhia, usije ukawa unapampu ghubani watu wanaogelea na watoto wa Msasani wanavua.

Na kabla hujatoa hata shilingi, nenda TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, uulize usajili na usalama wa chombo hicho, alafu TRA uulize kama ushuru wake umelipwa. Boti nyingi za aina hiyo zimeingia na wageni kwa muda tu, zikibaki hapa na zikabadilisha mwenyewe kuna kodi ya forodha inasubiri, na atakayedaiwa ni wewe uliyepo, aliyekuuzia atakuwa yuko Australia. Mi ningekushauri upange boti hiyo hiyo kwa mwezi mmoja wa kusi, sio mwezi wa matlai bahari imelala kila kitu kizuri. Mkimaliza huo mwezi bado mnaongea, nunua.

Mwandishi, mimi ni mzee wa Kunduchi, nimekula chumvi kwenye majahazi. Haya mambo ya kuzidisha cheni mara saba tunayaona ya kisasa tu. Sisi kusi ikituzidi tunaingia na maji kujaa, tunapwelewa mchangani, tunatia magadi, miti ya kuegemeza chombo, tunalala usingizi. Vijana hawawezi kufanya hivyo?
*Mzee, Kunduchi*

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli tupu na wenye catamaran, zile za mabodi mawili, wanafanya hivyo hivyo mpaka leo na hata gadi hawahitaji, maji yakitoka zinakaa zenyewe. Shida ni hizi za bodi moja za kina siye. Jahazi lina tumbo pana na mkuku wake haushuki sana, boti ya kizungu mkuku wake unashuka karibu mita 2 na umebeba madini ya risasi au chuma cha pauni elfu kadhaa chini kabisa, ukiipwelewesha inalala ubavu, na maji yakirudi na mawimbi ya kusi inaweza kujaa kabla haijainuka. Magadi yapo ya kuikalisha lakini ni kwenye maji matulivu, sio kwenye kusi.

Ila kuna jingine ambalo majahazi mlikuwa mnalifanya na hawa vijana hawalifanyi, kuchagua sehemu kwa msimu mzima. Jahazi lilishuka na kaskazi, upepo wa kaskazini, likapanda na kusi, na kusi ikiwa kali kabisa, miezi ya sita na saba, wengi walivuta vyombo juu wakatengeneza. Leo mtu anatia nanga Msasani mwezi wa saba anaona raha, kweli ni raha kwa sababu rasi ya Masaki inamkinga kusini na mashariki, basi anajisahau hapo hapo mpaka mwezi wa kwanza. Kaskazi ikiingia ile ghuba iko wazi upande huo, linaingia wimbi fupi fupi la kukera na boti sasa inasukumwa kuelekea ufukweni badala ya kusukumwa kwenda wazi. Nanga ikikokota kwenye kusi pale walau una muda. Kwenye kaskazi nyuma yako ni mchanga, boti za watu na ukuta. Kwa hiyo mzee tunakubaliana zaidi ya ulivyodhani.

Kaka, hivi kimbunga kinaweza kufika Dar au tunatishana tu?
*Msomaji, Mbezi Beach*

Mara chache, lakini hatutishani. Tuko karibu na Ikweta ambako vimbunga vinakosa nguvu ya kujizungusha, ndo maana vingi vinaishia Msumbiji na Madagaska. Lindi ilipigwa vibaya Aprili 1952 na wazee wa kule wanaikumbuka kwa hadithi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na huku Dar tukapata upepo na mvua. Angalia hiyo miezi, Aprili na Mei, kaskazi imeshaisha na masika imeshaanza, wakati ambao mwenye boti anadhani upepo umeisha. Kikitangazwa usikae ndani ya boti kulinda mali. Ongeza cheni, nanga ya pili, vua matanga yote, shuka nenda kwa ndugu.

Tunataka kwenda Mbudya na rafiki zetu tulale huko kwenye boti, tutie nanga wapi?
*Kundi la Ijumaa*

Upande wa magharibi wa kisiwa, ule unaoangalia bara, kusi inapungua pale. Tia kwenye mchanga mweupe unaouona kwa macho, saa sita mchana jua likiwa juu, ukiwa na mtu amesimama omo anakuonyesha. Penye rangi ya kahawia ni matumbawe, usiguse. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, cheni ya mita 40 ikizunguka usiku kucha juu ya matumbawe inafyeka duara zima, na matumbawe hayaoti kwa mwaka mmoja. Kuna kiingilio, na suala la kulala waulize watu wa hifadhi kabla hamjaondoka. Mkifika jioni giza limeingia msijaribu kutia nanga kwa kubahatisha, rudini Msasani.

Sisi wavuvi wa ngalawa tunatoka usiku, tunakuta boti za matanga zimetia nanga hazina hata taa, kijana wetu karibu aipasue ngalawa kwenye cheni. Kwani sheria haiwahusu wao?
*Mvuvi, Msasani*

Inawahusu. Chombo kilichotia nanga kinatakiwa usiku kiwe na taa nyeupe inayoonekana pande zote, na mchana kining'inize mpira mweusi upande wa mbele. Hiyo ni sheria ya kimataifa ya kuzuia migongano baharini na haijali boti ni ya nani. Wengi wanaweka taa juu kabisa ya mlingoti, sheria inaruhusu, lakini mtu aliyekaa kwenye ngalawa usawa wa maji anaiona kama nyota nyingine tu, kwa hiyo kijana wa Kigamboni na wenzako mnaosoma hapo juu, ongezeni taa ndogo ya sola hapo chini kwenye omo, karibu na cheni inapotokea. Na nyie wa ngalawa, najua mafuta ya taa na betri ni gharama, lakini tochi moja ya kichwani iwashwe mkipita katikati ya boti zilizolala. Pitieni nyuma yake kwenye tezi, mbele kuna cheni inayokwenda mbali kuliko mnavyodhani, hasa maji yakiwa yamepwa.